Kwaresima ya Kutotaja Watoto wa Watu

Jumatano ya Majivu, 5 Machi 2025. Ngokolo, Shinyanga

Nimepakwa majivu asubuhi, na mvua imeyaosha kabla sijafika nyumbani. Padre ametuambia tusijisifu kwa kuacha nyama wakati nyama yenyewe hatuili. Kila mtu afunge kitu ambacho kukiacha kutamuuma. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana changu nilikijua palepale kwenye benchi.

Mume wangu aliponiuliza mwaka huu nafunga nini, nikamwambia sukari. Si kweli. Nafunga kutaja watoto wa wenzangu humu ndani. Siku arobaini nisiseme "mwangalie fulani", nisiseme "mwenzako". Naandika kwenye kurasa za nyuma za daftari langu la vipimo vya wateja, kwa sababu nikimwambia mtu atanichunga.

Ni kwa ajili ya Eliya. Tangu matokeo ya kidato cha pili yatoke Januari na akatakiwa kurudia darasa, mdomo wangu haujapumzika. Ana miaka kumi na sita. Loveness wa jirani, waliyeanza naye la kwanza siku moja, yuko kidato cha tatu na anaongoza. Nimemtaja binti huyo mbele ya Eliya mara nyingi kuliko nilivyomtaja Bikira Maria. Zamani Eliya alikuwa akinijibu, tunagombana, yanaisha. Siku hizi anakula, anasema "asante mama", anaondoka. Naogopa. Naona nampoteza mwanangu akiwa humu humu ndani, na anayemfukuza ni mimi.

6 Machi

Nimeshindwa kabla ya chai. "Wenzako saa hizi wameshafika shule." Nimejiuliza kama "wenzako" inahesabika. Inahesabika.

7 Machi

Mvua. Njia ya Msalaba tulikuwa watu kumi na mmoja. Leo sikumtaja mtoto wa mtu, lakini Eliya hakuwepo mchana kutwa, kwa hiyo sijui kama ni ushindi.

9 Machi, Dominika

Familia ya Mama Loveness walikaa benchi la pili, wote wanne, kitenge kimoja. Nilikishona mimi. Baba yao ana hisa kwenye duara moja huko Geita, na tangu mwaka juzi shimo hilo lilipotema dhahabu, wamepaua kwa bati la rangi na kuweka geti. Geti amelichomelea Baba Eliya. Yaani mikono yetu imo katika kila kitu chao, ila katika kufaulu kwa binti yao.

Wakati wa kupeana amani Mama Loveness akanishika mkono, akasema, "Eliya amekua, mama." Nimeigeuza kauli hiyo mpaka jioni. Amekua, na bado yuko kidato cha pili? Amekua, na mimi nimebaki nyuma? Nimefagia uwanja mara mbili, na mvua ilikuwa imeshaufagia.

12 Machi

Leo Philomena, mwenye miaka saba, ameuliza tukiwa tunakula, "Mama, Loveness ni dada yetu?"

"Kwa nini?"

"Kila siku tukila unamtaja."

Baba Eliya akapaliwa na ugali. Eliya akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu Januari, halafu akaniangalia kama anayeuliza kama anaruhusiwa. Nami nikacheka. Baadaye nikaenda nyuma ya jiko nikalia kidogo, si sana.

15 Machi

Kila Jumamosi asubuhi jumuiya yetu husali nyumba moja baada ya nyingine. Leo ilikuwa zamu ya Mama Loveness. Vigae mpaka barazani. Tulivua viatu vyenye tope mlangoni na mimi nikaona aibu ya soksi zangu. Loveness alisoma somo kwa sauti iliyonyooka, hakukwama popote. Baba yake, aliyerudi tena juzi kutoka Geita, alikuwa na simu sikioni muda wote wa maombi, anatoka, anaingia. Hilo nimeliona, na nikiri, lilinifurahisha.

Mwisho Mzee Mageni, mwenyekiti wetu, akatangaza, "Jumamosi ijayo tutakuwa kwa Baba Eliya." Nikajisikia kama mtu aliyeitwa polisi.

17 Machi

Nimeazima viti kumi. Nimepaka chokaa ukuta wa mbele. Mvua ya saa tisa imeishusha yote.

18 Machi

Nimepaka tena.

20 Machi

Baba Eliya ameniambia, "Mama Eliya, wanakuja kusali, hawaji kununua nyumba." Nikamjibu kwamba yeye hajui wanawake wanavyoangalia. Akasema, "Mimi nimewatengenezea mageti. Ninaingia kupima, nasikia yanayosemwa ndani. Usione vyaelea." Hakumaliza methali. Yeye humaliza mageti tu.

Nilitaka kumwambia kwamba yanayosemwa ndani ya nyumba yetu, hata bila geti, hayana tofauti.

22 Machi, Jumamosi

Nataka niliandike lilivyokuwa, nisilipambe.

Walikuja watu ishirini na wawili. Eliya alikuwa amepiga pasi shati mwenyewe. Alisoma somo. Alikwama kwenye neno moja, akalirudia, akaendelea, na hakuna aliyeguna. Nilipaswa kumshukuru Mungu hapo hapo na kunyamaza.

Baada ya sala ni desturi yetu mwenye nyumba asimame atambulishe familia yake, kisha chai. Baba Eliya si mtu wa maneno, akaniachia mimi. Nikamtambulisha yeye, nikamtambulisha Philomena. Nilipofika kwa Eliya, mwalimu Agnetha, ambaye amehamia kutoka Kahama na bado hajatufahamu vizuri, akauliza kwa nia njema kabisa, "Kijana hongera, umesoma vizuri. Yuko kidato cha ngapi, mama?"

Ilikuwa rahisi. Maneno mawili tu. Lakini nikamwona Mama Loveness ameketi kwenye kiti changu cha kuazima, na Loveness pembeni yake, na midomo yangu ikasema, "Cha tatu." Halafu, kwa kuwa uongo hauwezi kukaa peke yake, nikaongeza, "Na mtihani uliopita kawa wa pili darasani. Mungu ni mwema."

Watu wakapiga makofi. Mzee Mageni akasema, "Asifiwe Bwana." Mwalimu Agnetha akasimama kumpa Eliya mkono, na Eliya akaupokea. Watoto wa jumuiya yetu wanasoma shule nyingine, ni Loveness peke yake anayesoma na Eliya. Loveness akainamisha uso, akawa anachezea kitufe cha sweta. Mama Loveness akaulizia kama chai iko tayari, anisaidie kuigawa.

Eliya naye aligawa chai. Hilo ndilo siwezi kulisahau. Alipita na sinia, kila mtu anamwambia hongera, yeye anaitikia asante, asante, mpaka akafika kwangu. Akaniwekea kikombe. Hakuniangalia.

Walipoondoka nikamwambia, "Mama alikuwa anakulinda."

Akasema, "Na nani?"

Nikaanza kurudisha viti.

Miezi mitatu nilikuwa namwambia hatoshi. Leo nimewaambia watu ishirini na wawili kwamba hayupo, na mahali pake nimeweka mtoto mwingine. Nilifunga kutaja watoto wa watu, na nimeishia kumtunga wa kwangu.

23 Machi

Kanisani tulikaa benchi la nyuma. Sikupokea Komunyo. Eliya hakuuliza kwa nini.

24 Machi

Eliya ameondoka. Alitoka na begi la shule kama kawaida. Saa nane mchana simu ya Baba Eliya ikaita, ni mdogo wake Selestine wa Nkome, huko ziwani. "Kaka, kijana wako yuko njiani, kanipigia kutoka Geita mjini. Anasema anakuja kufanya kazi ya dagaa. Mmemtuma nyie?"

Kumbe kwenye begi kulikuwa na nguo. Daftari zote ameziacha chini ya kitanda, zimepangwa vizuri.

Baba Eliya hakunilaumu. Alikaa kizingitini akasugua sugu za viganja vyake, akasema, "Afadhali ziwani kuliko mashimoni." Mvua hizi mashimo ya dhahabu yanajaa maji na kuporomoka, kila mtu hapa anajua mtu aliyefukiwa. Nikasema afadhali, ndiyo. Nimekaa nikishukuru kwamba mwanangu amenikimbia kwenda upande salama.

25 Machi

Kampigia simu baba yake, yuko salama. Mimi hataki kuongea nami.

26 Machi

Hataki.

27 Machi

Mvua. Nimekata kitambaa cha sare vibaya, mikono yote miwili ya kushoto.

29 Machi

Mama Loveness alikuja na gauni la Pasaka la binti yake lipunguzwe kiuno. Nilijua amekuja kuangalia. Nikamkaribisha kwa sauti ya juu, nikaanza kusema Eliya amekwenda kwa baba yake mdogo mara moja, kikazi kidogo.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Mama Eliya, Loveness alinieleza tangu Januari kwamba Eliya anarudia. Sikuona kama ni habari ya kusambaza."

Kwa hiyo siku ile alijua. Alisikia makofi, akaulizia chai ili mazungumzo yasiendelee. Na miezi yote mitatu mimi nilikuwa nazitafuna salamu zake nikitafuta sumu.

"Mbona hukuniambia kwamba unajua?"

"Ningekuambiaje? Kila nikikusalimu unanijibu kama mtu anayedaiwa." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Na huyu wangu anatapika kila asubuhi ya mtihani. Baba yake kamwambia akishuka nafasi moja asimpigie simu. Sijui kwa nini nakuambia."

Nilikuwa na sindano mdomoni, nikaendelea kubana kiuno cha gauni. Nimeandika hili si kwa sababu limenifariji. Kwa dakika moja lilinifariji kweli, na dakika hiyo ndiyo inayonitisha. Hata uchungu wa mwenzangu nauweka kwenye mzani kuona kama wangu umepungua.

2 Aprili

Nimeungama. Padre aliuliza, "Uliwadanganya wangapi?" Nikasema ishirini na wawili. Akasema, "Basi malipizi yako unayajua mwenyewe." Nilitegemea Salamu Maria kumi.

5 Aprili, Jumamosi

Jumuiya kwa Mzee Mageni. Nilikwenda nimejiandaa kusema. Mvua ikazuia watu, tulikuwa sita. Nikajiambia si vyema kuwaambia sita na kuwaacha wengine. Nikala michembe ya viazi vikavu, nikarudi nyumbani. Mwoga mimi.

9 Aprili. Nkome

Nimekuja bila kuaga sana. Baba Eliya alisema, "Nenda, lakini usimlete kwa nguvu." Jana nimelala Geita mjini kwa dada yangu, leo asubuhi nimefika.

Nilimkuta Eliya ufukweni, ameinama anatandaza dagaa kwenye turubai. Amekuwa mweusi na mabega yametanuka. Akaniamkia, "Shikamoo mama," nikaitikia, na kabla hatujasema la pili wingu likaja kutoka ziwani. Kila mtu akaanza kukimbia. Dagaa wakinyeshewa wameharibika. Nami nikavua viatu, nikashika pembe ya turubai, yeye akashika nyingine, tukakunja, tukabeba, tukarudi kwa jingine. Tuliokoa maturubai yote manne. Tukakaa chini ya banda la makuti, tumelowa, tunanuka.

Mama yake mdogo, Scolastika, mke wa Selestine, akatuletea uji. Akamwambia Eliya, "Umefanya vizuri, baba," akaondoka.

Eliya akasema polepole, "Mama mdogo hajawahi kuniuliza nimekuwa wa ngapi. Nikimaliza turubai anasema limeisha. Hasemi la fulani liliisha mapema."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananieleza tu maisha ya hapa. Lakini nilimwona Scolastika akienda na sufuria yake, mwanamke wa kawaida, kanga imefifia, na nikamchukia kwa moyo wangu wote. Nikataka kusema, mimi ndiye niliyekuzaa, mimi nilikesha na surua yako, huyu amekufanyia nini? Nikajiuma ulimi. Ndivyo inavyouma, kumbe. Nimemlisha mwanangu kitu hiki kila siku pamoja na ugali.

Nikamwambia, "Kweli. Ni mama mzuri."

Akashangaa. Mvua ikapigapiga juu yetu. Kisha akasema yale aliyokuwa ameyabeba kutoka Shinyanga: "Mama, yule Eliya uliyewaambia jumuiya, mimi simjui. Wa kidato cha tatu, wa pili darasani. Nikaona nikiendelea kukaa pale nitamharibia."

Nililia mbele yake. Nikamwambia, "Nilidanganya kwa sababu nilikuwa naona aibu. Aibu ni yangu, si yako. Nisamehe." Sikumwambia arudi. Nilitaka, Mungu anajua, nilikuwa nimeandaa hotuba nzima tangu Shinyanga. Nikamwambia tu kwamba kitanda chake kipo.

Hakusema amenisamehe. Alisema, "Uji unapoa."

11 Aprili

Nimerudi. Nimesoma mwisho wa Injili ya Yohane, pale ufukweni, baada ya samaki. Petro ametoka kuulizwa mara tatu kama anampenda Bwana, na papo hapo anageuka nyuma kumwangalia mwenzake na kuuliza habari zake. Anajibiwa kwamba hayo hayamhusu. Nimesoma hapo maisha yangu yote nikidhani ni habari za Petro.

12 Aprili, Jumamosi

Jumuiya kwa mwalimu Agnetha. Watu wengi, kesho ni Matawi. Wakati wa nia za maombi nikasimama.

"Mwanangu Eliya hayuko kidato cha tatu. Alishindwa, anarudia cha pili. Hajawa wa pili. Niliwadanganya nyumbani kwangu mbele yake mwenyewe, na kwa hilo ameondoka. Naomba mnisamehe, na mniombee."

Jogoo wa mwalimu akapita katikati ya miguu yetu. Mzee Mageni akakohoa, akasema, "Bwana utusikie," wote wakaitikia, tukaendelea na nia ya mvua.

Ndiyo hivyo tu. Nilitegemea ardhi ipasuke. Baada ya sala mama mmoja aliniuliza kama nashona mashati ya kwaya, na mwalimu Agnetha akanishika bega akaniambia yeye mwenyewe alirudia darasa la nne. Watu niliowaogopa miezi yote hiyo walikuwa na shida zao, wala hawakuwa wakinitazama. Loveness peke yake ndiye aliyenitazama, muda mrefu, mpaka mama yake akamvuta mkono waondoke.

18 Aprili, Ijumaa Kuu

Mvua imekatika saa tisa. Nyumba ina ukimya. Philomena ameuliza kaka anarudi lini. Nikasema sijui, na ni kweli sijui.

20 Aprili, Pasaka

Amefufuka. Tumepika pilau. Eliya hakuja. Nimeona familia za watu zimejaa kwenye mabenchi, mwanangu hayupo, na nikakataa kuwahesabu. Nilifaulu mpaka karibu na sadaka.

22 Aprili

Amekuja. Saa kumi, na kiroba cha dagaa begani. Philomena alipiga kelele mpaka mtaa ukatoka. Mimi nilisimama na kipande cha nguo ya mteja mkononi.

"Loveness alinitumia ujumbe," akasema. "Kaniambia ulichosema jumuiya."

"Nilisema ukweli."

"Kasema ulisimama."

"Nilisimama."

Akatua kiroba. "Nitarudi shule. Lakini mama, sijui kama nitafaulu."

Kesho baba yake anampeleka kwa mwalimu mkuu kuomba radhi kwa mwezi alioukosa.

28 Aprili

Amepokelewa, kwa viboko vya maneno. Sijataja mtoto wa mtu tangu arudi. Kwaresima imekwisha, ningeweza kuacha kufunga. Siwezi.

9 Mei

Mvua zinaondoka. Mipunga ya mabondeni imeanza kuwa ya manjano.

Leo wamepewa ripoti za jaribio. Zamani alikuwa akizificha, nazipata chini ya godoro. Leo amenikabidhi mwenyewe, nikiwa kwenye cherehani, akasimama hapo hapo mbele yangu na mikono nyuma kama askari. Wa sabini na mmoja kati ya tisini na wawili.

Nilijua Loveness kawa wa ngapi darasani kwake. Mtaa mzima unajua. Jina lilikuja likakaa ulimini, nikalisikia ladha yake. Eliya alikuwa ananiangalia mdomo. Nikasoma ripoti yote, mstari kwa mstari, nikafika hisabati, alama kumi na nne.

Nikamuuliza, "Kwenye hesabu, huwa unashindwa wapi?"

Hakuelewa. Akadhani ni ugomvi unaanza kwa njia mpya. Nikarudia, "Nionyeshe. Mimi niliishia la saba, sitakufundisha. Nataka kuona tu."

Kisha akaenda ndani akarudi na daftari na kigoda, akakaa karibu nami, goti lake likagusa langu. Akafunua kurasa nyingi kurudi nyuma, akapita za mwaka huu, akatoa daftari jingine la mwaka juzi, akafunua tena, mpaka akafika ukurasa mmoja wenye mabano na alama za kutoa, umefutwafutwa mpaka karatasi imetoboka.

Akaweka kidole. "Hapa," akasema. "Tangu kidato cha kwanza. Nikifika hapa naona giza, na wenzangu wanaendelea."

Nikatazama kile kitobo. Miaka miwili mwanangu amesimama mahali padogo hivi, na hakuna aliyemkuta. Nikazima cherehani.